Mkutano Uliokosa Amina

Mama yangu huombea kila kitu. Huombea lori la mawe kabla halijatoka machimboni, huombea mtungi wa gesi kabla sijauwasha, na aliwahi kuombea kuku ambaye tayari alikuwa anachemka sufuriani. Maombi yake ni marefu na hayana njia ya mkato. Huanza kwa kushukuru kwa uhai, akapita kwa wagonjwa, wasafiri, wajane na watoto wa shule, akafika hadi kwa waliofungwa gerezani, na muda wote huo chapati zinakauka mezani. Tangu utotoni nimezoea kuomba naye huku jicho moja likiwa wazi, nikilinda chakula.

Kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba siku moja ningemsihi mama huyo huyo aombe, naye akatae katakata.

Sisi ni Wakamba. Tulihamia Kitengela baba alipopata kazi ya kuchonga mawe, na alipofariki tukabaki, maana hata Ukambani hapakuwa na mtu aliyekuwa akitungoja. Mimi hukodisha mahema, viti na vipaza sauti. Ukioa utanihitaji, ukizika utanihitaji, na ukichangisha pesa za hospitali utanihitaji pia, ingawa hapo utaniomba nikupunguzie. Watu huniita Mama Viti. Na kwa miaka mingi mteja aliyeniita mara nyingi kuliko wote alikuwa serikali. Serikali yetu hupenda kivuli. Haiwezi kukuambia jambo baya ukiwa juani; ni lazima ikukalishe kwanza kwenye kiti cha plastiki na ikupe soda.

Nimesimama nyuma ya mikutano hiyo kiasi kwamba naijua kama ninavyoijua njia ya kwenda dukani. Mkubwa huchelewa. Chifu husema tafadhali tuvumilie. Kisha yanakuja maombi, na hayo hayarukwi hata kama mkutano wenyewe ni wa wizi mtupu. Mkutano usiofunguliwa kwa maombi kwetu hauhesabiki kuwa mkutano. Na mwombaji aliyependwa na chifu, kwa sababu ya umri wake na kitambaa chake cheupe cha kichwani, alikuwa mama yangu.

Sasa nieleze kuhusu kisima, maana vita vyote vilitokana nacho.

Nje kidogo ya mji, upande wa machimbo, kuna kisima kirefu chenye pampu, tangi, na mtaro wa saruji wa kunyweshea mifugo. Ardhi ilitolewa na jirani yetu, mzee Mmaasai. Wanawake wa huko kwetu walichanga, wachonga mawe wakajitolea mikono, baba akiwa mmoja wao. Siku maji yalipotoka, yule mzee alisimama pale na kibuyu cha maziwa na nyasi mkononi, akawa ananyunyizia ardhi maziwa huku akiomba kwa Kimaasai. Kila sentensi aliyoimaliza, watu wote waliitikia, "Naai!" Ndivyo Wamaasai wanavyojibu baraka: Mungu na asikie, iwe hivyo. Mama yangu, ambaye Kimaasai chake kinaishia kwenye salamu, aliitikia hadi sauti ikamkauka. Yule mzee baadaye alifariki, akazikwa hapo karibu. Mkewe tunamwita Koko, yaani bibi, naye ni rafiki mkubwa wa mama. Wawili hao huzungumza Kiswahili ambacho si cha huyu wala cha yule, na wanaelewana kuliko watu wengi waliosoma.

Baadaye kiwanja kile kiliandikishwa kuwa cha umma, ili kisije kikauzwa na mtu yeyote. Tulifurahi. Hatukujua kwamba kuna watu serikalini ambao wakisikia neno umma huelewa kwamba ni wao. Tukasikia kwamba kisima kitakabidhiwa kwa mwekezaji. Ataweka ua, geti na mita. Mwenye uwezo atanunua maji kwake, asiye na uwezo ataendelea kungoja maboza yanayouza maji mtaani, na mbuzi wa Koko wataenda mtoni, ambako wakati wa kiangazi hunywi kitu ila mchanga.

Lakini sheria inasema wananchi waulizwe kwanza. Nguzo za ua zilishushwa kisimani Jumatatu. Kuulizwa kwetu kulipangwa Alhamisi.

Mahema ya kutuulizia yaliagizwa kwangu, nikakubali. Nilijiambia kwamba viti havina maoni.

Siku moja kabla ya mkutano chifu alifika nyumbani. Ni mtu mpole, kijana kuliko mimi, na hupenda sana chai ya mama.

"Mama, kesho tuko na mkutano," akasema. "Utatufungulia na maombi kama kawaida."

"Mkutano ya kisima?"

"Ndio hiyo."

"Hapana, Chifu."

Chifu akacheka, akidhani ni utani. "Mama, ni maombi tu. Ile ya kufungua."

"Nimesikia. Lakini nikisimama hapo niombe hiyo kitu ibarikiwe, nitakuwa nimeambia Mungu niko sawa na hiyo maneno. Na siko sawa."

"Hata mimi nimetumwa tu, mama."

"Najua umetumwa. Kunywa chai."

Kisha akaiombea ile chai. Aliomba mpaka ikatanda utando juu, akimtaja kila mtoto wa chifu kwa jina, akimwombea chifu mwenyewe kiuno chake kinachomsumbua. Chifu alisema amina kwa sauti ndogo na akanywa chai ya vuguvugu. Alipotoka alinitazama kama mtu anayeomba msaada, nami nikamtazama vivyo hivyo.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mama kwamba akikataa yeye watampata mwingine, na kisima kitaenda vile vile.

"Basi wampate," akasema, akikusanya vikombe.

"Na mimi je? Watasema ni mimi nimekutuma! Hii ni kazi yangu, mama. Ndiyo inalisha hii nyumba."

"Wewe peleka viti yako. Kuna mtu amekuambia uombe?"

Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Hakunikataza kwenda. Angenikataza, ningepata mtu wa kugombana naye, ningemwita mkaidi na mimi ningetoka humo nikiwa mtu aliyeonewa. Badala yake aliniacha na uamuzi wangu mwenyewe, akaenda kuosha vyombo huku akiimba. Sijui kitu kinachokasirisha kuliko mtu mwenye dhamiri safi anayeimba.

Alhamisi tulisimamisha mahema karibu na kisima. Upepo wa mbugani ulikuwa ukiyavuta, malori ya mawe yalikuwa yakipita na kutumwagia vumbi, na kila nilipomaliza kufuta safu ya viti, lori jingine lilikuja. Watu wakaanza kufika. Koko alikuja na mbuzi wake, akawapeleka mtaroni wanywe, kisha akachagua kiti cha mbele. Mama alikaa kando yake, mkoba mapajani, miguu pamoja, kama mtu anayengoja daktari. Zile nguzo za ua zilikuwa zimelala pale pale, na baadhi ya wazee walipokosa viti walizikalia.

Afisa wa serikali alifika kutoka Kajiado, makao makuu ya kaunti, akiwa amechelewa kama desturi, ndani ya gari kubwa, pamoja na mpiga picha na askari mmoja. Mwekezaji mwenyewe hakuja. Nadhani alikuwa na kazi nyingine za kuwekeza.

Chifu akashika maikrofoni, akasalimu kwa Kimaasai na Kiswahili, kisha akamwita mchungaji aje afungue kwa maombi. Mchungaji alisimama nusu, akashika koo.

"Sauti imenikataa, Chifu. Ni hii baridi."

Jumapili iliyotangulia mtu huyu alihubiri hadi vioo vya saluni ya jirani vikatetemeka. Nilikuwa hapo, spika zilikuwa zangu.

Chifu akamgeukia mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa amekaa kwenye nguzo. "Mzee, basi wewe tubariki."

Mzee akainuka taratibu, akaegemea fimbo yake. "Hapa ilibarikiwa," akasema. "Mwenye alibariki amelala pale." Akaelekeza fimbo upande wa kaburi. "Mimi siwezi weka ingine juu ya yake." Akakaa tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mama baadaye aliniapia kwamba hakuwaambia watu wasiombe. Alimwambia Koko peke yake kwamba yeye hataomba, na kwa nini. Lakini kumwambia Koko peke yake ni sawa na kutangaza kwa spika zangu.

Afisa alitazama saa. "Tuendelee na ajenda," akasema.

"Bila maombi?" sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

Kukawa na minong'ono, kisha kelele. Hatuanzi bila maombi! Watu waliosema hivyo wengine sijawahi kuwaona karibu na mlango wa kanisa. Hata wauza muguka, yale majani ya kutafuna, walikuwa wamekasirika kwa niaba ya Mungu. Afisa alikuwa mtu mwerevu, hilo nampa. Akainua mkono, akatabasamu, akachukua maikrofoni.

"Basi nitaomba mimi mwenyewe. Tusimame wote."

Tukasimama. Akafunga macho. "Baba, tunakushukuru kwa siku hii ya leo." Akangoja kidogo, kama wanavyongoja wanaojua kuomba mbele ya Wamaasai, aitikiwe. Hakuna aliyeitikia. "Tunakushukuru kwa viongozi wetu." Kimya. "Tunakushukuru kwa sababu watu wako wa hapa, kwa roho moja, wamekubali mradi huu."

Mama akafungua macho. Najua, kwa sababu langu moja lilikuwa wazi.

"Na wote tuseme?" afisa akauliza.

Nilisikia mbuzi wakinywa maji.

"Watu wa Mungu, tuseme? Amina?" Alilisema kama swali. Likazunguka kwenye spika zangu, likaenda hadi machimboni, na hakuna aliyelipokea. Mwishowe akajiitikia mwenyewe, akakaa.

Watu hawakukaa. Kwetu hukai maombi yakiwa hayajafungwa, na Koko, kwa Kiswahili chake, alieleza mambo yalipofika: "Hiyo haijafika." Basi wakabaki wamesimama, mikono mbele, vichwa vimeinama, kwa heshima kubwa. Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe, na mawe ndiyo kitu kisichokosekana huko kwetu. Afisa akiwa amekaa hakuona ila viuno vya watu, kwa hiyo akasimama tena. Mpiga picha alishusha kamera, maana alikuwa ametumwa picha za wananchi walioketi wakisikiliza. Hata askari alikuwa amesimama wima na kofia mkononi, kwa kuwa mama yake alimlea vizuri. Jua lilikuwa limepanda na chini ya hema kulikuwa moto. Kila mtu alikuwa akimngoja mwenzake.

Ndipo afisa aliponiona.

Nilikuwa nyuma kando ya mitambo yangu, na maikrofoni ya pili ilikuwa mkononi mwangu. Akaja, akainama karibu nami. Alinukia marashi mazuri.

"Mama Viti. Sema amina hapo kwa nguvu, watu watafuata. Ni neno moja tu."

Chifu naye akaja upande wa pili. "Sema tu, dada, twende nyumbani," akanong'ona. Uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa.

"Na mwezi ujao tuko na sherehe kubwa," afisa akaongeza, kwa upole kabisa. "Mahema mengi."

Nikawasha maikrofoni. Pumzi yangu ikatoka kwenye spika, na watu wote wakageuka.

Nataka niseme ukweli kuhusu nilichohisi, kwa sababu wako watu wanaosimulia kisa hiki siku hizi kana kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia afisa kwa ujanja wake wa kuficha idhini yetu ndani ya maombi. Nilimkasirikia chifu kwa kuniita dada. Niliwakasirikia wale watu wote waliosimama wakinyamaza kwa raha zao, maana hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na hema la kupoteza. Na zaidi ya wote nilimkasirikia mama, aliyesimama pale na mkoba wake, macho chini, asinitazame hata kidogo, asinipe hata ishara ya nyusi. Kama angenitazama tu, ningesema lile neno ili kumkomoa.

Shida ilikuwa kwamba nilikuwa nimesikiliza. Maisha yangu yote nimesema amina bila kujua imefuata nini. Nimeisema nikihesabu viti, nikichungulia sufuria. Siku hiyo nilisikiliza, na yule mtu alimwambia Mungu kwamba nimekubali. Jambo hilo lilikuwa la uongo, tena uongo ulionihusu mimi.

"Afisa," nikasema kwenye maikrofoni, na sauti ikanitoka kali kama ninapogombana na mtu aliyerudisha kiti kilichovunjika, "umesema tumekubali. Mimi sijakubali. Kwa hivyo siwezi sema."

Koko akapaza sauti: "Naai!"

Na watu wote, Wamaasai, Wakamba, wote waliokuwa wamebana midomo tangu asubuhi, wakaitikia kwa mshindo hadi mbuzi wakaruka kutoka mtaroni. Nilitaka kuwaambia wanyamaze, kwamba sikuwa naomba.

Afisa aliingia garini, mpiga picha akamfuata mbio, askari akavaa kofia. Chifu alibaki kidogo akitazama chini, kisha akaniambia niangushe mahema haraka kabla hajapigiwa simu. Nikaanza kupanga viti, nikivibamiza kimoja juu ya kingine. Mama akaja kunisaidia. Hajui kupanga viti; huvipanga kinyume, ikabidi nirudie kila kimoja nyuma yake.

Sherehe ile kubwa ilipata mahema mengine, meupe kuliko yangu. Niliitwa kwenye ofisi moja mjini Kajiado, nikakalishwa kwenye benchi asubuhi nzima ili niambiwe kwamba mtu wa mahema hatakiwi kuwa na msimamo. Nilijibu kwamba hata mimi nilidhani hivyo. Serikali haijanipa kazi tangu hapo. Nimebaki na harusi na matanga, na nimeuza jenereta ndogo. Kisima bado kiko wazi, nguzo bado zimelala pale, mbuzi wa Koko hujikuna kwazo, na tumesikia kwamba mkutano mwingine unapangwa. Sijui utaishaje. Yeyote anayeniambia kwamba tulishinda, humwuliza kwa nini basi nguzo hazijaondolewa.

Lakini hasara kubwa mama aliyonitia ni nyingine. Ameniharibia amina. Siku hizi siwezi kuisema hivi hivi. Mchungaji, ambaye sauti ilimrudia Jumapili iliyofuata, akianza kuombea uongozi wa nchi, nalazimika kumfuata sentensi kwa sentensi kama mtu anayekagua samaki asije akameza mwiba. Mara nyingi amina ya kanisa zima hupita na mimi bado niko kwenye sentensi ya pili, naamua. Nimechoka. Zamani ibada ilikuwa mahali pa kupumzika.

Wiki jana tuliketi kula mchana, mimi na yeye. Kulikuwa na ugali, sukuma wiki na nyama kidogo. Mama akafumba macho. Akashukuru kwa uhai, akapita kwa wagonjwa, wasafiri, wajane, watoto wa shule na wafungwa, akakiombea kisima, akaiombea biashara yangu. Nilikuwa nakaribia kabisa kuitikia.

"Na umkumbuke yule afisa, Baba," akasema. "Umpe usingizi mzuri. Uwalinde watoto wake. Na ubariki kazi yake."

Akangoja amina yangu.

Niliutazama ugali. Ulikuwa bado unatoa moshi.

"Mama," nikasema, "hapo kwa kazi yake siko."

Hakufungua macho. "Na kwa watoto wake?"

"Kwa watoto wake niko."

"Na usingizi?"

Nikamfikiria yule mtu na marashi yake, amelala fofofo huko Kajiado, na mimi jenereta yangu imeenda.

"Usingizi, sawa," nikasema. "Alale."

"Haya," akasema mama, akarekebisha kitambaa kichwani. "Basi wacha nirudie vizuri." Akarudi mwanzo kabisa, kwenye kushukuru kwa uhai, akaanza upya kuelekea kwa wagonjwa, ugali ukipoa mbele yetu, nami nikafumba macho yote mawili nikamsikiliza.